Waraka ni Nusu ya Kuonana

Wahenga walinena kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Maneno haya yanatufaa sana sisi watu wa visiwani, ambao tangu zama za majahazi tumezoea kuagana na wetu ufukoni na kungoja habari zao kwa mkono wa nahodha. Lakini yafaa tuyatazame maneno hayo kwa makini. Wahenga hawakusema kwamba waraka ni kuonana kuzima. Walisema ni nusu, na sisi twaamini kwamba nusu ya pili ni jibu. Mwenye kuandika asijibiwe hakuonana na mtu. Amezungumza na ukuta.

Leo twapenda kusema machache juu ya jibu, na mfano wetu tutauchukua mbali, mahali ambapo baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kutuona tukipita. Tutautwaa kutoka katika majarida ya katuni ya Marekani, yale yanayosimulia kwa picha habari za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wapo wazee wetu wanaoyahesabu kuwa ni mchezo wa watoto, na hatutabishana nao. Hata hivyo, mtoto ni msomaji asiye na haya. Hadithi ikimchosha husema imemchosha, na asiporidhika huweka senti zake mfukoni akaenda zake. Mwandishi aliyeweza kuishi na wasomaji wa namna hiyo kwa miaka mingi hakosi la kutufunza.

Mwaka 1961, mjini New York, kampuni ya Marvel ilitoa jarida jipya lililoitwa Fantastic Four, lililouzwa kwa senti kumi. Watungaji wake walikuwa wawili: mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Hadithi yao ilihusu watu wanne waliorushwa angani kwa roketi, wakapigwa na mionzi isiyojulikana, wakarudi duniani wakiwa si wale walioondoka. Reed Richards, mtaalamu wa sayansi, aliweza kujinyoosha mwili kama mpira. Ben Grimm, rubani, aligeuka mwili mzima ukawa kama mwamba. Kijana Johnny Storm aliweza kuwaka moto na kuruka, na dada yake, Susan Storm, aliweza kutoweka machoni pa watu. Wasomaji wetu walioitazama filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 watapenda kujua kwamba mfalme T'Challa, pamoja na nchi yake ya kubuni ya Wakanda, alizaliwa katika jarida hilo hilo la Wanne, toleo la 52 la mwaka 1966.

Kikosi hiki kilikuwa na tabia ambazo mashujaa wengine wa wakati ule hawakuwa nazo. Waligombana na kununiana, na hawakuficha majina yao. Mwanzoni hata hawakuwa na sare. Walipambana na maadui zao wamevaa nguo za kawaida. Bwana Lee alipenda kusimulia baadaye kwamba barua zilianza kumiminika, wasomaji wakisema wamelipenda jarida, lakini mashujaa wasio na mavazi ya kishujaa hawakubaliki. Toleo la tatu, lenye tarehe ya Machi 1962, lilipotoka, Wanne walikuwa wamevaa sare za rangi ya buluu. Katika toleo hilo hilo ulianzishwa ukurasa wa barua za wasomaji.

Ukurasa wa barua haukuwa uvumbuzi wa Bwana Lee. Majarida mengine yalikuwa nao. Kilichokuwa kigeni ni namna alivyojibu. Ilipofika toleo la kumi, mapema mwaka 1963, aliwataka wasomaji waache kuandika kwa heshima ya kiofisi, kwa kumwita mhariri, na badala yake wawaandikie yeye na mwenzake kwa majina yao, Stan na Jack. Naye akawajibu kwa namna hiyo: kwa mzaha, kwa kujisifu kupita kiasi huku akijicheka, na mara nyingine kwa kukiri waziwazi kwamba wamekosea. Mtoto wa mji mdogo, ambaye hakuwahi kuijua New York, aliweza kufungua jarida akaliona jina lake limepigwa chapa, na chini yake jibu la mtu aliyeisoma barua yake.

Ndugu wasomaji, mpaka hapa jambo ni jepesi. Maneno matamu hayagharimu kitu, na ofisi nyingi duniani zimejifunza kuyatumia. Kipimo cha anayejibu huja pale barua inapokuwa chungu na inapomgusa mahali anapoumia. Kwa Bwana Lee na Bwana Kirby barua hizo zilikuja, nazo zilimhusu Susan Storm.

Wasomaji walilalamika kwamba Susan hana faida. Wenzake walipokuwa wakivunja kuta na kuruka angani, yeye kazi yake ilikuwa kutoweka, kisha kukamatwa na adui, kisha kungoja wanaume waje kumwokoa. Baadhi yao waliandika kwamba ingekuwa afadhali aondolewe kikosini. Yeyote atakayeyasoma matoleo yale ya mwanzo leo ataona kwamba wasomaji hawakumsingizia.

Watungaji waliamua kujibu ndani ya hadithi yenyewe. Katika toleo la 11, lenye tarehe ya Februari 1963, tarishi Willie Lumpkin anawaletea Wanne mzigo wa barua za mashabiki. Ni mzee mcheshi, naye anaomba aingizwe kikosini kwa kuwa ana uwezo wa pekee: anaweza kuchezesha masikio yake. Susan anasoma barua zinazosema kwamba hana kazi, na moyo wake unavunjika. Ndipo Reed na Ben wanapowageukia wasomaji na kumtetea. Hoja ya Reed ilikuwa kwamba hata mama yake Abraham Lincoln hakupigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na bado mwanawe alimhesabu kuwa mtu muhimu sana katika maisha yake.

Sisi twaona kwamba jibu hilo lilikuwa baya, ingawa lilitolewa kwa nia njema. Kwanza, mama huyo alifariki mwaka 1818, mwanawe akiwa na umri wa miaka tisa, zaidi ya miaka arobaini kabla ya vita hiyo. Pili, na hili ndilo kubwa, Susan hakuwa mama wa mtu yeyote aliyekaa nyumbani. Alikuwa mwanachama wa kikosi. Kumsifu kwa wema wake palipoulizwa habari ya kazi yake ni kumpa mtu maua alipoomba jembe. Mlalamikaji alisema kwamba mwanachama huyu hafanyi lolote. Akajibiwa kwamba mwanachama huyu ni mtu mzuri. Maneno yote mawili yanaweza kuwa kweli, na mambo yakabaki pale pale.

Lakini barua hazikuwa zimepotea bure. Katika toleo la 22, lenye tarehe ya Januari 1964, watungaji walitoa jibu la pili, na safari hii halikuwa la maneno. Uwezo wa Susan unapimwa, ikagundulika kwamba alikuwa na nguvu ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Sasa aliweza kuvifanya vitu vingine visionekane, na aliweza kuweka mbele yake ngao isiyoonekana, imara kiasi cha kuzuia mapigo ya adui. Tangu siku hiyo aliyekuwa akiokolewa akaanza kuwaokoa wenzake. Miaka ilivyopita ngao hiyo ikawa ndiyo kinga ya kikosi kizima, na wako wasomaji wengi leo wanaoshikilia kwamba Susan ndiye mwenye nguvu kuliko Wanne wote. Na alipoingia kazini mwandishi na mchoraji mwingine, John Byrne, hata jina likarekebishwa. Katika toleo la 284 la mwaka 1985, aliyekuwa akiitwa Msichana Asiyeonekana alitangaza kwamba kuanzia hapo ni Mwanamke Asiyeonekana. Alikuwa ameolewa na kuzaa miaka mingi kabla ya hapo. Ilikuwa zamu ya jina kumfuata mwenyewe.

Tutue kidogo hapa, kwa maana hapa ndipo penye fundisho. Barua za wasomaji zilikuwa na sehemu mbili: lalamiko na pendekezo. Lalamiko lilikuwa kwamba Susan hana kazi. Pendekezo lilikuwa kwamba aondoke. Lalamiko lilikuwa la haki, pendekezo lilikuwa kosa. Mtungaji mwenye kiburi angelitupa lote pamoja, akisema kwamba watoto hawajui kutunga hadithi. Mtungaji mwoga angelitekeleza lote pamoja, akamfukuza Susan ili barua zikome. Watungaji hawa, baada ya kujikwaa mara moja, waliitenga punje na kapi. Walikubali ugonjwa uliotajwa, wakaikataa dawa iliyopendekezwa, wakatafuta dawa yao wenyewe. Na dawa hiyo ilionyesha kosa lilikuwa la nani. Halikuwa la Susan. Asingeweza kufanya kazi ambayo wenye kalamu hawakumpa.

Kwa hiyo kujibu si kutii. Ni vema jambo hili lisemwe, kwa sababu wako wanaoogopa kujibu wakidhani kwamba kila jibu ni ahadi. Mwenye kuandika barua hana haki ya kupata kila anachokitaka. Haki yake ni kusomwa, kufikiriwa, na kuelezwa sababu. Msomaji aliyeambiwa hapana, pamoja na sababu ya hapana, alinunua toleo lililofuata ili aendelee kubishana.

Upo pia upande wa sifa, nao una hatari zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jarida hili lilianza mapema kujitangaza juu ya jalada lake kuwa ndilo jarida bora la katuni duniani, na mtu angeweza kutarajia kwamba maji yangeanza kuingia temboni siku ile ile. Kilichosaidia, kwa maoni yetu, ni kwamba kurasa za barua zilibaki wazi kwa waliotafuta makosa. Wapo wasomaji waliokuwa wakihesabu vifungo vya mavazi, wakikumbuka nani alisema nini miezi kumi iliyopita, na wakaandika kuuliza mbona mambo hayalingani. Bwana Lee aliwabunia zawadi, akaiita Zawadi Isiyo Zawadi. Baada ya muda zawadi hiyo ikawa bahasha ipelekwayo kwa posta, juu yake imeandikwa pongezi kwamba ndani mna zawadi, na ndani hamna kitu. Desturi ikakua, hata ikawa haitoshi kuonyesha kosa. Mshindi alikuwa yule aliyeweza kueleza kwa akili jinsi ambavyo lile lililoonekana kosa halikuwa kosa. Hivyo wakosoaji wakageuzwa kuwa wasaidizi wa kazi, na ujira wao ukawa bahasha tupu waliyoihifadhi kwa fahari.

Matunda ya kuwajibu watu huchelewa kuiva, lakini huiva. Katika toleo la 20, la Novemba 1963, ilichapishwa barua ya kijana wa New Jersey aliyelisifu sana toleo la 17. Jina lake lilikuwa George R. R. Martin, naye leo anajulikana duniani kote kwa riwaya zake ndefu za wafalme na vita. Mwingine aliyeandika barua katika miaka ile alikuwa Roy Thomas, mwalimu wa shule katika jimbo la Missouri. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ile ile, na mwaka 1972 akashika kiti cha mhariri mkuu alichokuwa amekikalia Bwana Lee mwenyewe. Baadaye aliandika kwa mkono wake hadithi za Wanne hao hao. Tena, kwa kuwa barua zilichapishwa pamoja na anwani za walioziandika, wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao, wakajuana, wakaanzisha majarida yao madogo na mikutano yao. Watu waliokuwa wapweke, kila mmoja na jarida lake chini ya mto, waligundua kwamba wao ni umma.

Hata hivyo, hatutakuwa waaminifu tukimaliza kwa sifa peke yake, maana mfano huu una doa, nalo lina fundisho lake. Wasomaji waliwaandikia Stan na Jack, lakini aliyejibu alikuwa Stan. Sauti iliyosikika ilikuwa yake, mizaha ilikuwa yake, na kadiri miaka ilivyokwenda jina lililokaa vichwani mwa watu likawa lake. Lakini utaratibu wao wa kazi ulikuwa kwamba Lee hutoa muhtasari, mara nyingine kwa mazungumzo tu, kisha Kirby huketi kwenye meza yake ya kuchorea na kuijenga hadithi ukurasa kwa ukurasa, akibuni mengi njiani, ndipo Lee aje kuandika maneno ya wahusika. Baada ya matoleo 102 mfululizo, mwaka 1970, Kirby aliondoka akaenda kwa washindani, akiamini kwamba hakupewa haki yake wala heshima yake. Alifariki mwaka 1994. Shauri la warithi wake na kampuni lilikwisha kwa maafikiano mwaka 2014. Lee alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 95, na mjadala wa nani alibuni nini haujazikwa pamoja nao.

Kutokana na hayo twajifunza kwamba anayejibu kwa niaba ya wengi amebeba amana. Sifa zinapokuja kwa jina la wote, azigawe kwa wote. Kalamu inayojibu barua isije ikawa ndiyo inayofuta jina la mkono uliofanya kazi.

Sasa turudi nyumbani. Kila siku barua huandikwa visiwani mwetu. Nyingine huja kwetu sisi wa magazeti, nyingine huenda kwa masheha, kwa wakuu wa wilaya, kwa mashirika na kwa wizara. Tuseme mzazi mmoja ameandika kwamba mwalimu wa sayansi katika shule ya kijijini kwake hafundishi ipasavyo, na akataka mwalimu huyo ahamishwe. Barua hiyo ni nakala ya zile zilizomhusu Susan Storm: lalamiko moja na pendekezo moja. Yako majibu matatu. La kwanza ni kuiweka barua katika faili na kulifunga. La pili ni kuandika kwa lugha nzuri kwamba mwalimu huyo ni mtumishi mwadilifu na serikali inathamini mchango wake. Hili ni lile jibu la mama yake Lincoln. La tatu ni kwenda kutazama. Na anayekwenda kutazama huenda akakuta kwamba mwalimu anafundisha kemia kwa kuchora chupa ubaoni, kwa sababu chupa zenyewe hana. Hapo itadhihirika kwamba mzazi alikuwa na haki ya kulalamika, kwamba kumhamisha mwalimu kusingesaidia kitu, na kwamba kazi ya kusahihisha iko mezani pa yule aliyeipokea barua.

Hatuandiki haya kuwanyooshea wengine kidole. Sisi wenyewe twapokea barua kuliko tunazozichapisha, na ziko tulizoziacha zikakaa hata karatasi ikabadilika rangi. Twajua kisingizio cha nafasi kuwa ndogo na kazi kuwa nyingi. Lakini wale wawili wa New York walikuwa na majarida kadhaa ya kutoa kila mwezi, na bado mtoto wa senti kumi alipata jibu lake.

Mwaka 1965, Reed na Susan walipofunga ndoa katika toleo maalumu, watungaji walijichora wenyewe katika ukurasa wa mwisho. Stan na Jack wanafika mlangoni pa arusi wakitaka kuingia, nao wanazuiwa na kufukuzwa kwa kuwa hawamo katika orodha ya waalikwa. Ni mzaha, lakini mzaha wa watu waliokuwa wamekwisha kuelewa jambo. Kazi ikishatoka mikononi mwa mwenye kuifanya, huwa ni mali ya wale iliyofanywa kwa ajili yao, na yeye mwenyewe hubaki mgeni mlangoni. Shule ni ya wanaosoma. Hospitali ni ya wagonjwa. Gazeti hili ni la wanaolinunua.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu waendelee kuandika, na wasione haya kuandika kwa uchungu. Twawaomba wakubwa wetu wa ofisini kila asubuhi, kabla ya jambo jingine, waifungue barua moja, waisome hadi mwisho, walitenge lalamiko na pendekezo, kisha wajibu. Na jibu likiwa ni hapana, na liwe hapana yenye sababu. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kuonana, nayo iko mikononi mwa aliyeandikiwa.